Kisogo cha Dereva

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la dawa, ng'ambo ya geti kubwa la hospitali. Mguu mmoja wa benchi hilo ulioza zamani, ukawekewa tofali, na wenyeji wote wanajua kwamba upande wa tofali unakaliwa kwa adabu. Ukijitupa tu, mnayumba wote na kahawa inawamwagikia mapajani. Hapo Shangazi huweka jiko lake na birika, na hapo kila asubuhi wanaume wanne huketi kuamua mambo ambayo wakubwa wameshindwa kuyaamua. Yupo Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko palepale jirani lakini wateja humkuta benchini. Yupo Wakili, ambaye sheria hakuisomea hata siku moja. Ni fundi viatu, jina amelipata kwa mdomo. Yupo Profesa, fundi wa redio, mtu wa kueleza kila kitu duniani kwa mawimbi. Na yupo Kapteni, aliyeendesha malori makubwa tangu ujana wake mpaka mgongo ulipogoma. Asubuhi hiyo Kapteni ndiye aliyefika wa kwanza, na hilo peke yake lingewashtua wenzake kama wangekuwa watu wa kuangalia. Alikuwa upande wa tofali, mfuko mweusi wa nailoni ameubana katikati ya miguu, na kahawa mkononi haijapungua hata funda moja.

— Mmesikia? — Wakili alianza hata kabla hajakaa. — Kigari kimemtupa bibi mmoja huko ndani jana.

— Kigari gani? — Kinyozi akauliza.

— Hivi vya gofu. Vile vya umeme vinavyobeba wagonjwa kutoka getini mpaka wodini. Bibi wa watu anapanda, mguu mmoja juu, mguu mmoja bado uko chini, kigari hicho! Kikaondoka zake. Bibi akabaki chini.

— Mungu wangu! — akasema Shangazi. — Kaumia?

— Hilo sijalifuatilia. Ninachojua kilimtupa.

Kapteni aliitazama kahawa yake kana kwamba kuna inzi ndani.

Sasa tuseme mapema ili tusizungushane: dereva wa kigari hicho alikuwa Kapteni mwenyewe. Benchi halikujua. Benchi lilijua kwamba hospitali imemwajiri Kapteni kuwa mkuu wa usafiri, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowaambia, kisha akawaacha waongeze wenyewe ofisi, kiti cha kuzunguka na simu ya mezani. Kila asubuhi aliagana nao kwa heshima zote, akavuka barabara, akajibanza nyuma ya kibanda cha mlinzi na kuvaa fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: ULIZA NIKUSAIDIE. Jioni aliivua palepale, akaikunja, akaifukia ndani ya mfuko mweusi. Mtu aliyekuwa akipandisha milima na trela zima nyuma yake hakutaka kuonekana ndani ya fulana ile, amekalia kitu chenye magurudumu ya toroli. Aliona aibu hata kabla hajamwangusha mtu. Sasa aibu zilikuwa mbili.

— Dereva alikuwa kwenye simu — Kinyozi akahukumu. — Hawa wa siku hizi, mkono mmoja usukani, mkono wa pili anachati.

— Simu wapi! — Wakili akapinga. — Huyo ni mtoto wa shemeji wa mkubwa fulani. Leseni hana. Kaingizwa kwa mlango wa nyuma.

— Kigari chenyewe hakina mlango wa nyuma — Shangazi alisema huku akimimina. — Hata wa mbele hakina.

Wakacheka. Kapteni naye akacheka, maana kutocheka kungeonekana, ila kicheko chake kilitoka kama kikohozi.

— Wahenga walisema… — Wakili akajiweka sawa.

— Waache wahenga walale, wamechoka na wewe — Kinyozi akamkata. — Tumwulize mwenye mambo. Kapteni! Si wewe ndiye bosi wa magari huko? Nani alikuwa anaendesha?

Wote wakamgeukia. Ilikuwa nafasi nzuri, hata Kapteni aliiona. Ingetosha kusema maneno mawili tu, mimi hapa, halafu wangemcheka wiki nzima na kumsahau wiki ya pili. Akafungua mdomo ayaseme hayo mawili, yakatoka mengine.

— Kijana mmoja hivi. Mgeni mgeni. Hana uzoefu.

— Nilisema! — Wakili akapiga paja. — Vijana! Kila siku nasema vijana!

— Ulisema mtoto wa shemeji — Shangazi akamkumbusha.

— Mtoto wa shemeji si kijana?

Kinyozi alikuwa amekwisha kuhamia kwenye jambo alipendalo, nalo ni kumsifu Kapteni. Alimsifu kama mtu anavyosifu timu yake, bila kuombwa na bila kuchoka.

— Angekuwa huyu pale, bibi angefika wodini anakoroma. Mmesahau alivyorudisha trela nyuma kwenye geti la kiwanda cha unga? Kila upande nafasi ya kupitisha kiganja. Walinzi wamefumba macho. Yeye huyo, taratibu, akaingia kama mtu anavyovaa kiatu chake mwenyewe.

— Nilikuwepo — akasema Wakili, ambaye hakuwepo.

— Kichwa hiki — Kinyozi akaendelea, akimshika Kapteni kisogoni kama anayeonyesha tikiti sokoni — nakinyoa mimi. Hapa uwanja wa ndege, mnapaona? Maji ya moto ya rejeta yalimrukia njiani akiwa ameinama, nyama ikachubuka. Kajifunga kitambaa, kapanda, kamaliza safari. Hao ndio walioitwa madereva.

Uwanja wa ndege lilikuwa kovu la mviringo katikati ya kisogo cha Kapteni, mahali pasipoota hata unywele mmoja, mvi zikiwa zimelizunguka pande zote. Ulikuwa utani wa zamani pale kijiweni. Siku nyingine angejibu. Leo alikitoa kichwa chake taratibu kwenye kiganja cha rafiki yake na kuuma midomo.

Muda wote huo Profesa alikuwa akipuliza kahawa. Akaweka kikombe chini, na watu wakajua sasa inakuja sayansi.

— Mnamwonea tu huyo kijana. Hakukuwa na dereva.

— Hakukuwa na dereva vipi, na Kapteni kasema yupo?

— Kukaa alikaa. Kuendesha hakuendesha. Chombo kile ni cha umeme, na umeme unatii mawimbi. Mgonjwa wa ghorofani kashika rimoti abadilishe chaneli. Kabonyeza. Wimbi limeikosa televisheni, limeshukia dirishani, limekikuta kigari kimetulia. Kigari kikajua kimeambiwa nenda.

— Na kama angepunguza sauti? — Shangazi akauliza.

— Kingesimama — Profesa akajibu bila kupepesa.

— Hata hivyo — Wakili akasema — kigari kile kina nini cha kumshinda mtu? Pedali mbili. Mbele, nyuma, basi. Hata Shangazi angekiendesha na birika mkononi.

— Na nisingemwaga.

Hivyo ndivyo Kapteni naye alivyowaza siku ya kwanza ya mafunzo. Mwalimu wake alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, rika la kitindamimba wake, aliyepanga koni za plastiki kwenye maegesho ya nyuma ya jengo la kufulia. Kona ya kwanza tu, Kapteni alipanua kwanza upande wa pili ndipo akakata, kama anavyofanya mtu mwenye trela linalomfuata, akapita juu ya maua ya hospitali na kuyalaza yote. Binti akamwambia kwa upole, "Baba, nyuma huna kitu." Akajibu, "Najua." Kichwa kilijua kweli, mwili ndio ulikuwa haujapata habari. Alipoambiwa arudi nyuma, alitoa kichwa na bega nje kutafuta kioo cha pembeni, na kwa kuwa kigari hakina mlango, nusura aishie kwenye lami. Wafuaji waliokuwa dirishani waliinama chini ya masinki wacheke kwa nafasi.

Binti yeye hakucheka. Alimfundisha kwamba mwendo wa kigari ni mwendo wa mgonjwa anayetembea polepole kuliko wote njiani. Kwamba mtu akiwa mbele yako hupigi honi mgongoni pake, kwa sababu mgonjwa akishtuka anaanguka. Unasubiri mpaka asikie mwenyewe na kusogea, halafu unamshukuru. Kwamba machela ikitokea, hata iwe tupu, wewe unasimama. Na kwamba kabla hujagusa pedali unageuka mwili mzima, unamtazama kila abiria usoni, unauliza: "Mmekaa vizuri? Tunaweza kwenda?"

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Yale mengine alijifunza, hata maua alijifunza kuyakwepa. Lakini kugeuka na kuomba ruhusa! Maisha yake yote alibeba saruji na mbolea, na mfuko wa saruji hauulizwi kama umekaa vizuri. Nyuma ya lori kulikuwa kwa utingo, yule msaidizi anayefunga turubai na kuhesabu kamba. Utingo akimaliza anapiga bodi kwa kiganja mara mbili, ko, ko, na hiyo ndiyo ruhusa. Dereva hageuki. Mguu unasikia hata kabla ya masikio. Kwa hiyo Kapteni aliyasema maneno ya binti akiwa ametazama mbele, chini ya pumzi, haraka haraka, mpaka yakabaki mngurumo tu, na siku nyingine hata mngurumo haukuwepo.

— Mimi nitawaambia ukweli — Wakili alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi. — Vile vigari kabla ya kuja hospitali vilikuwa wapi? Kwenye gofu. Kwa matajiri. Vimelelewa kubeba fimbo za chuma, zinazong'aa, za bei mbaya. Sasa anakuja bibi na kifimbo chake cha mti. Kigari kimehisi kile kifimbo kwenye mbavu. Kimekataa.

— Kwa hiyo kina dharau?

— Kina malezi mabaya.

— Si malezi — Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. — Ni betri. Betri ina kumbukumbu, hiyo haina ubishi. Kule kwenye gofu kigari kilikuwa kinafuata nini kutwa nzima? Mpira. Mweupe, wa mviringo. Jana kimesimama pale, mara akapita mbele yake mgonjwa kafungwa bandeji kichwa kizima…

— Toba! — Shangazi akaweka birika chini.

— …kikadhani ni mpira. Kikaufuata.

Kinyozi alipaliwa na kahawa. Wakili alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja. Hata mwenye duka la dawa alichungulia kuona kuna nini. Walicheka mpaka wakafuta machozi, na Kapteni, kando yao, aliona jasho jembamba likimteremka mgongoni asubuhi ile ya baridi.

— Sasa suluhisho — Kinyozi akasema alipopata sauti. — Twende sote. Tumwone mkubwa wao tumwambie: mnaye Kapteni mmemfungia ofisini na makaratasi, mtoeni awafundishe hao vijana kazi.

— Leo hii — Wakili akasimama. — Mimi nitazungumza.

— Kaeni — akasema Kapteni.

— Unaona haya kusifiwa!

— Kaeni chini, nimesema!

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Benchi likayumba kwenye tofali. Wakili akakaa, akamtazama kwa mshangao.

Kapteni hakuwa nao tena. Alikuwa jana, mbele ya geti, mikono kwenye usukani. Siti ya nyuma ya kigari kile inatazama nyuma, na hakuwa ameangalia nani anapanda. Alichosikia ni ko, ko kwenye bodi. Bibi alikuwa akitafuta kidaraja cha kukanyagia kwa fimbo yake, lakini hilo alikuja kulijua baadaye. Mguu ulikwenda wenyewe. Nyuma watu wakapiga kelele, naye akaendelea vivyo hivyo mpaka mlinzi aliposimama mbele yake ametandaza mikono. Basi hapo watu walikimbia. Muuguzi alimwinua bibi, mfagiaji aliokota fimbo, binti mwenye miwani alikuja mbio na kiti cha magurudumu. Kila aliyepita alisema pole, hata wale waliokuwa na shida zao. Kapteni peke yake alibaki amekaa. Hakushuka. Hakugeuka hata shingo. Alishika usukani akatazama mbele, kwenye ukuta, mpaka walipompeleka bibi ndani. Kumwangusha mtu kungeweza kumpata dereva yeyote. Lakini huku kukaa hakukuwa na wa kumsingizia, na ndiko kulikomfanya aone aibu hadi kwenye mifupa.

Jioni yake mkubwa wake hakufoka. Afadhali angefoka. Alimwambia tu kwamba kesho asubuhi mama yule atarudi mkono utazamwe tena. Kapteni awepo, amwombe radhi uso kwa uso, halafu aanze mafunzo upya kwa binti, kuanzia koni ya kwanza. Kama anaona hawezi, basi airudishe fulana. Asubuhi alipoiweka fulana mfukoni hakuwa ameamua anaipeleka kuivaa au kuikabidhi. Alifika kijiweni kabla ya wote, akakaa, na tangu hapo alikuwa anajiambia atavuka barabara akimaliza kahawa. Ndiyo maana alikuwa hainywi.

Ko, ko.

Mguu wa kulia wa Kapteni ulikandamiza ardhi. Aliuona ukifanya hivyo, kiatu kimejikunja, kahawa imeruka ukingoni mwa kikombe, kabla hajajua amesikia nini.

— Wanangu — sauti ikasema pembeni yao — nipeni nafasi nipumzike kidogo. Barabara hii wamewatengenezea wenye miguu mipya.

Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita zamani, amesimama kwenye kona ya duka la dawa, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa bandeji, mwingine umeshika fimbo. Mpira wa chini wa fimbo ulikwisha, mti wenyewe ndio uliokuwa ukigonga. Alikuwa ameugonga ukutani wamsikie.

Wakanyanyuka wote isipokuwa Kapteni.

— Karibu, mama, karibu. Kaa upande huu, huo mwingine una tofali.

Mama akakaa mwisho wa benchi, upande mzuri, kati yake na Kapteni wakiwa wamejipanga wanaume watatu. Kapteni alikuwa ametazama mbele vilevile, kama mtu aliye safarini. Shangazi akammiminia mgeni kahawa nusu kikombe ili isimshinde kushika.

— Pole na mkono, mama. Umepatwa na nini?

— Nilianguka, mwanangu. Jana, pale ndani. Nilikuwa napanda kigari.

Wakili alimtazama Profesa. Profesa alikitazama kiatu chake.

— Kumbe ni wewe! — Kinyozi akasema. — Mama, hapa tulikuwa tunakuzungumzia wewe.

— Nimewasikia tangu kule kona. Mlikuwa mnacheka sana, nikadhani kuna mtu kapata mtoto.

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliwachoma. Kinyozi akajikuna shingo. Wakili akajibu kwa niaba ya wote.

— Tulikuwa tunachunguza chanzo, mama.

— Mmekipata?

— Dereva alikuwa kijana asiye na uzoefu. Kapteni hapa ndiye katueleza, yeye ni mkubwa huko wa…

— Kijana? — Mama akatikisa kichwa. — Hapana, mwanangu, mmedanganywa. Sura sikuiona, maana hakugeuka. Nilichokiona ni kisogo. Kisogo cha mtu mzima, kina mvi. Katikati kina alama ya mviringo, hapaoti nywele.

Kinyozi alikuwa ameinua kikombe, kikaishia njiani. Hakugeuza kichwa. Macho tu ndiyo yaliyokwenda pembeni, mpaka pale kiganja chake kilipokuwa muda mfupi uliopita, yakakaa kidogo, yakarudi kwenye kahawa. Wakili akalifuata jicho lake, kisha Profesa akamfuata Wakili. Shangazi alikuwa ameshajua kabla yao. Alikuwa amemwona Kapteni akikishika kikombe chake tangu jua lichomoze na hajanywa. Kapteni hakumwona hata mmoja, lakini aliwahisi wote kisogoni, na palichoma kama siku ile ya rejeta. Alitamani benchi lile lipasuke aangukie chini ya msingi wa duka asionekane tena.

Mama alipuliza kahawa yake.

— Usiku kucha nimemfikiria — akasema. — Mimi niliinuliwa. Nikapewa pole na watu nisiowajua hata majina, nikafungwa mkono, nikaletewa na chai. Wakati wananisukuma ndani nikatupa jicho, nikakiona kile kisogo kiko palepale. Kimekaa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza yeye kapatwa na nini. Ninyi mko hapa jirani, mnajua habari zote. Huyo dereva anaendeleaje?

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Jepesi, watu huulizana kila siku wakikutana njiani. Na benchi lile, ambalo asubuhi hiyohiyo lilikuwa na majibu juu ya mawimbi, malezi ya vigari na kumbukumbu za betri, halikuwa na jibu. Profesa alichungulia ndani ya kikombe chake na kukuta kimekwisha. Birika lilianza kuchemka likamwagikia makaa, likafuka, na Shangazi hakuliondoa.

— Hajalala — akasema Kapteni.

Alisema akiwa bado ametazama barabara.

— Hajalala, mama. Kahawa haimpiti. Na asubuhi hii amewaongopea wenzake, amemsingizia kijana ambaye hayupo.

— Aa — akasema mama.

— Jana hakushuka. Ukimwuliza kwa nini, hajui. Anaona aibu. Hana pa kuuweka uso wake.

— Basi ukimwona mwambie mkono haukuvunjika. Umeteguka tu. — Mama akamrudishia Shangazi kikombe. — Na umwambie sasa hivi nataka kwenda kuutazamisha, na barabara hii siiamini.

Kapteni aliweka kikombe chake chini, kimejaa vilevile. Akafungua mfuko mweusi, akaitoa fulana ya kijani mbele ya macho yao wote, akaivaa juu ya shati. Ilikuwa imejikunja, ikamkwama mabegani, na maandishi yale makubwa yakawageukia: ULIZA NIKUSAIDIE. Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliinuka, akaivuta chini ikakaa sawa, akampangusa mabegani kwa kiganja kama anavyowapangusa wateja akimaliza kazi. Kisha akakaa.

Kapteni akatangulia mpaka ukingo wa barabara. Akasimama huko, mgongo kwa mama, kiwiko amekitoa nyuma apate kukishika, macho ameyatuma mbele kwenye geti. Nyuma yake akamsikia mama akijiinua benchini, akihema, akiitafuta ardhi kwa fimbo.

Ko, ko.

Mguu ulitaka kwenda. Ulikuwa umekwisha kunyanyua kisigino. Kapteni akauzuia. Akageuka, si shingo tu, mwili mzima kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Ulikuwa uso mdogo, wenye mchubuko shavuni ambao hakuna aliyekuwa amemwambia habari zake.

— Nisamehe, mama — akasema. — Umesimama vizuri? Tunaweza kwenda?

Mama akaupitisha mkono wake wenye fimbo kwenye kiwiko cha Kapteni.

— Kumbe unajua kuuliza — akasema.